FUNDI ASIYE NA JINA: Miaka 3,200 ya Mabega Yaliyoteguka na Watu Waliosubiri Yapone

Usiku wa tarehe 26 Mei 2018, pale Kyiv, dunia nzima ya soka ilisimama kwa ajili ya bega la mtu mmoja. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ilikuwa haijafika hata nusu saa, Mohamed Salah na Sergio Ramos wakaanguka pamoja mikono ikiwa imenasana, na dakika chache baadaye Mmisri yule akatoka uwanjani analia. Chama cha soka cha Misri kikatangaza kwamba kano za bega zimeumia. Kuanzia hapo mpaka Kombe la Dunia, watu ambao biolojia waliiacha kidato cha pili wakageuka wataalamu wa mabega. Siku zilihesabiwa moja moja. Misri ikacheza na Uruguay tarehe 15 Juni bila yeye, akaja kuingia tarehe 19 dhidi ya Urusi na kufunga penalti. Siku 24 kamili. Yeyote aliyekuwa na bando alijua hesabu hiyo.

Ila kuna Mmisri mwingine ambaye bega lake linajulikana sana kwa madaktari wa mifupa, na hakuna anayejua aliitwa nani. Huyu hakuwa na timu wala jezi. Alikuwa fundi. Picha yake imechorwa kwenye ukuta wa kaburi, ng'ambo ya mto Nile ukitokea mji wa Luxor, kwenye kijiji cha kale kinachoitwa Deir el-Medina, na picha hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 3,200.

Deir el-Medina kilikuwa kijiji cha kazi. Waliokaa pale walikuwa mafundi wa kuchonga na kuchora makaburi ya wafalme, yale ya kwenye Bonde la Wafalme, pamoja na wake zao na watoto wao. Kaburi lenyewe ni la mchongaji mmoja aitwaye Ipuy, aliyeishi enzi za mfalme Ramesses II. Kwa kawaida kuta za makaburi ya Misri zimejaa mambo mazito: miungu, sadaka, safari ya ahera. Kwenye kaburi la Ipuy kuna sehemu imechorwa saiti ya kazi. Na sio saiti ya kujipigia picha, ni saiti halisi, ile yenye ajali. Mafundi wanatengeneza vifaa vya mazishi. Mmoja nyundo ya mbao inamwangukia mwenzake mguuni. Mwingine ameinamiwa na mtu anayemshughulikia jicho. Na yupo jamaa mmoja kalala chini, mwenzake kamshika mkono. Madaktari wengi walioiangalia picha hiyo wanasema hapo hakuna utani wala mieleka: bega limetoka na linarudishwa mahali pake.

Kwa hiyo moja ya picha za kale kabisa za mtu kutibiwa bega inamhusu kibarua, tena yuko kazini. Mwenye kaburi ana jina, mfalme ana jina, hata mungu aliyekuwa akiabudiwa pale kijijini ana jina. Mwenye maumivu ndiye hana.

Na picha inaishia pale. Mkono umeshikwa, bega linarudi. Kesho yake ikawaje? Mtu wa kuchonga mawe anaishije na bega ambalo bado halijapona? Hapo ndipo penye habari yenyewe, kwa sababu kurudisha bega ni kazi ya dakika. Kupona ni habari nyingine kabisa.

Bahati nzuri kijiji hicho kilikuwa na watu wa kuandika andika sana. Jumba la makumbusho la British Museum kule London lina kipande cha jiwe la chokaa kilichotoka pale, cha mwaka wa 40 wa utawala wa Ramesses huyo huyo. Ukikitazama vizuri utacheka, maana ni daftari la mahudhurio! Kuna majina 40 ya wafanyakazi, na kinagusa siku 280 za mwaka. Tarehe zimeandikwa kwa wino mweusi, na juu yake kwa wino mwekundu imeandikwa sababu ya mtu kutokuja kazini. Huyu anaumwa. Huyu macho. Huyu kaumwa na nge. Huyu yuko kwenye msiba. Huyu anatengeneza bia (ndiyo, ilikuwa sababu inayokubalika). Na kuna mmoja alikosekana mara kadhaa kwa kuwa alikuwa anawatibu wenzake. Watafiti wa kijiji hicho wanaeleza kwamba mfanyakazi akiumwa mgao wake wa nafaka uliendelea kuja. Yaani ruhusa ya ugonjwa yenye malipo, miaka 3,200 iliyopita, jangwani, kwa watu wa nyundo na patasi.

Weka hilo pembeni ya picha ya ukutani. Fundi wa bega alikuwa wa jamii hiyo hiyo na enzi hiyo hiyo. Alikuwa na mwenzake wa kumshika mkono, na aliishi mahali ambapo kukaa nyumbani ukiumwa halikuwa kosa. Kiukweli kuna vijana wa saiti za leo hapa mjini wasioweza kusema hivyo.

Sasa kwa nini bega, na sio goti au nyonga, ndilo linalopenda kutoka? Chukua chungwa uliweke juu ya kifuniko cha chupa ya soda. Chungwa ni kichwa cha mfupa wa mkono wa juu, kifuniko ni kile kikombe kidogo kwenye kombe la bega. Sehemu kubwa ya chungwa iko hewani. Kinachozuia lisidondoke ni ukingo laini wa gegedu uliozunguka kikombe, kano zinazoshikilia kwa mbele na nyuma, na misuli inayokumbatia pande zote. Mwili ulikubali kuhatarisha uimara ili upate uhuru. Ndiyo maana mkono huo huo mmoja unaweza kujikuna mgongo, kurusha jiwe, kushika ndoo iliyo kichwani na kumfunga mtoto mgongoni. Malipo yake ndiyo hayo: kati ya viungo vyote vikubwa vya mwili, bega ndilo linaloongoza kwa kuteguka, na zaidi ya mara 9 kati ya 10 linatokea mbele.

Likitoka kwa mara ya kwanza, haliachi nyumba kama lilivyoikuta. Chungwa likiruka, mara nyingi linachana ule ukingo wa mbele. Ukilirudisha, linakaa, maumivu yanapungua ghafla, mtu anatabasamu. Lakini ukingo umechanika na uko vilevile. Hili jambo dogo, lisiloonekana kwa macho, liliwatesa watu zaidi ya miaka 2,000 kabla halijaeleweka.

Wagiriki waliligusa kwa mbali. Kwenye maandishi ya tiba yanayohusishwa na Hippocrates, mzaliwa wa kisiwa cha Kos mnamo 460 KK, kuna kitabu kizima cha viungo, na kinaanza na bega. Njia za kurudisha zilizomo humo ni nyingi na nyingine ni kama sarakasi. Kuna ya kisigino: mgonjwa analazwa chini, kimpira kinawekwa kwapani, mganga anakaa chini upande wa bega bovu, anaweka kisigino chake kwapani na kuvuta mkono. Kuna ya mtu mrefu: mgonjwa anabebwa kwapa likiwa juu ya bega la mtu aliyemzidi kimo, mpaka ananing'inia. Kuna ya ngazi. Kuna hata ya mchi, mchi kabisa wa kutwangia, unazungushiwa kitambaa laini na kukaa kwapani. Ya kisigino ndiyo iliyodumu kuliko zote, na madaktari bado wanaiita kwa jina la mzee huyo.

Ila kilicho kitamu kwenye kitabu hicho ni kwamba mwandishi wake hakuishia kwenye kuvuta. Anasema bega likisharudi, mkono wa daktari unatakiwa ujue kukanda, tena taratibu, kwa mikono laini, kwa sababu kukanda vizuri kunaweza kukaza kiungo kilicholegea na kulegeza kilichokaza. Halafu anawageukia wale ambao bega lao linatoka, linarudi, linatoka tena. Anasema ni wengi wa aina hiyo. Wanamichezo wazuri tu waliolazimika kuachana na mazoezi na mashindano, ingawa kwa mengine yote walifaa. Na wengine walikwenda vitani na bega hilo, wakashindwa kupigana inavyotakiwa, wakafa.

Hakuna jina hata moja hapo. Vijana wa mieleka na askari, wote wamekuwa neno moja: "wengi". Lakini hapo mtu anaandika wazi kwamba bega lililorudishwa sio lazima liwe bega lililopona, na kwamba tofauti ya mambo hayo mawili inaweza kumuua mtu.

Dawa yake kwa hao wa kurudia rudia? Chuma cha moto. Ngozi ya kwapa inabanwa na kuvutwa, chuma chembamba kilichopashwa moto kinapitishwa humo, kwa tahadhari ya kutogusa mishipa mikubwa na tezi. Baada ya hapo mkono unafungwa ubavuni usiku na mchana, kwa muda mrefu, mpaka kovu likaze na kuziba ile nafasi ambayo mfupa hupenda kuchomokea. Anawalaumu kabisa waganga wengine waliokuwa wakichoma upande usio sahihi. Usimcheke haraka. Alikuwa anajaribu kutengeneza ukuta mahali ambapo ukuta umevunjika, ila hakuwa na njia ya kuona ndani. Aliyelipa ni mwenye kwapa.

Hapo katikati zinapita karne nyingi bila jipya kubwa. Watu wanavuta. Wanavuta kwa mikono, kwa kamba, baadaye hata kwa kapi zile za kunyanyulia mizigo. Misuli ya bega ikishtuka inakaza kama chuma, na kabla ya dawa ya usingizi njia pekee ilikuwa kushindana nayo kwa nguvu. Kuna mabega yalirudi na kuna mishipa iliyochanika. Tarehe 16 Oktoba 1846 pale Boston, Marekani, etha ilipoonyeshwa hadharani kwamba inaweza kumlaza mgonjwa asisikie upasuaji, ugomvi huo wa misuli ukaanza kupata suluhu.

Mwaka 1870 kijana mmoja wa Uswisi, Theodor Kocher, hata miaka 30 hajafika, akachapisha njia isiyotaka kuvuta kabisa. Kiwiko kibane ubavuni, zungusha mkono kwenda nje, upandishe mbele, halafu urudishe ndani. Taratibu. Baadaye Kocher alikuja kushinda Tuzo ya Nobel mwaka 1909, kwa kazi ya tezi ya shingoni, na njia yake ya bega ikaenea. Karibu karne nzima baadaye ndipo madaktari wakaanza kuilinganisha na ule ukuta wa Deir el-Medina na kusema: hebu subiri, yule jamaa aliyemshika mwenzake mkono anafanya kitu kinachofanana na hiki! Njia ina jina la Kocher. Aliyechorwa akiifanya miaka 3,000 kabla hana chochote.

Mwaka 1900 Lewis Stimson wa New York akaja na ya kwake, ya kizembe lakini ya akili: mlaze mgonjwa kifudifudi kitandani, mkono uning'inie chini, fungia uzito, kaa subiri. Misuli ikichoka bega linajirudi. Na miaka mitano kabla yake, 1895, Mjerumani Wilhelm Röntgen alikuwa ameshagundua miale ya eksirei, kwa hiyo kwa mara ya kwanza daktari aliweza kuangalia kama mfupa umevunjika kabla hajaugusa.

Kwenye zama hizo hizo kuna bega moja lililoandikwa kuliko yote, kwa sababu mwenyewe alikuwa mwandishi na baadaye akawa Waziri Mkuu wa Uingereza. Oktoba 1896, Winston Churchill, luteni wa miaka 21, anafika Bombay. Boti ndogo inawasogeza kwenye ngazi za gati, mawimbi yanapanda na kushuka. Akaweka mkono kwenye pete ya chuma iliyokuwa ukutani, boti ikashuka, bega likabaki juu. Akaona ni kitu kidogo. Halikupona vizuri maisha yake yote. Ameeleza mwenyewe jinsi lilivyokuwa likitoka au kukaribia kutoka kwa vitu vya kipuuzi: kunyoosha mkono achukue kitabu, kulala mkono ukiwa chini ya mto, kuogelea, kuteleza kwenye ngazi. Mchezo wa polo, ambao wenzake walicheza wakiwa huru, yeye alicheza mkono umefungwa kwa mkanda. Mwaka 1898 kwenye vita vya Omdurman, Sudan, wenzake walishika panga juu ya farasi, yeye akashika bastola, kwa sababu bega halikuruhusu kupiga kwa upanga. Baadaye aliamini huenda bega bovu ndilo lililomwokoa siku hiyo.

Simulizi nzuri sana, ila isome tena ukiwakumbuka wale askari wa Kigiriki wa kitabu cha Hippocrates. Tatizo ni lile lile la bega lisilotulia katikati ya vita. Mmoja alikuwa na bastola, na akaishi mpaka kuandika kitabu. Wengine walikuwa na mkuki.

Na kuna picha ambayo watu wa soka wanaipenda kupita kiasi. Tarehe 17 Juni 1970, uwanja wa Azteca, Mexico, nusu fainali ya Kombe la Dunia, Italia na Ujerumani Magharibi. Franz Beckenbauer anaumia bega, timu yake imeshamaliza nafasi zake mbili za kubadilisha wachezaji, basi anafungwa mkono kifuani na kurudi uwanjani mpaka mwisho wa dakika za nyongeza. Wakafungwa 4-3. Mechi hiyo inaitwa Mchezo wa Karne na picha ya mkono ule imebandikwa kila mahali kama alama ya uanaume. Sawa, ni ushujaa. Lakini ndiyo picha iliyowafundisha watoto wengi wa mtaani kwamba bega likitoka unalifunga na unaendelea.

Wakati huo, jibu la kwa nini bega linarudia lilikuwa tayari lipo kwenye vitabu. Mwaka 1923 daktari wa upasuaji wa London, Arthur Bankart, aliandika kwamba shida ya mabega haya ni ule ukingo wa mbele uliobanduka kwenye kikombe, na njia ni kuingia ndani na kuushona urudi mfupani. Mwaka 1938 akaandika tena kwa undani zaidi. Wapo waliouona uharibifu huo kabla yake, Ufaransa na Ujerumani, lakini jina lililobaki ni lake. Mwaka 1940 Hill na Sachs, wataalamu wa eksirei wa Marekani, wakaeleza shimo linalobaki nyuma ya kichwa cha mfupa kinapogonga ukingo wa kikombe, na hilo shimo nalo likabeba majina yao. Mwaka 1954 Mfaransa Michel Latarjet akaeleza namna ya kukata kipande cha mfupa jirani na kukifunga kwa skrubu mbele ya kikombe kiwe kizuizi. Hadi leo ukilazwa kwa bega utasikia Bankart, Latarjet, Hill-Sachs. Ni majina ya waliotazama. Watu waliolala mezani hawatajwi.

Turudi mtaani. Bodaboda imeteleza, kijana kadondokea mkono. Au ni mpira wa Jumamosi, kipa karuka, kashuka vibaya. Bega limekuwa la pembe, halina tena mviringo, mkono haushuki. Haraka anatokea mtu wa kulivuta, na siku nyingine kweli linarudi, kwa sababu ufundi huu ulianzia kwa watu wa namna hiyo. Lakini ajali ya leo inaweza kuwa imevunja mfupa pia, na kuuvuta mfupa uliovunjika ni kuongeza hesabu. Kuna mshipa wa fahamu unaozunguka shingo ya mfupa huo. Ukiguswa, sehemu ya nje ya bega, pale askari wanapobandika nembo, inakufa ganzi. Hospitali wataangalia hilo kwanza, watapiga eksirei, watatoa dawa ya maumivu au usingizi mwepesi, ndipo walirudishe, halafu wapige picha nyingine. Kukimbilia kwa mkandaji bega likiwa bado nje ni kuruka hatua hizo zote.

Baada ya hapo ndipo inaanza sehemu isiyo na picha kwenye ukuta wowote. Mkono unaning'inizwa shingoni kwa kitambaa, siku kadhaa mpaka wiki mbili au tatu. Vidole, kifundo na kiwiko havitakiwi kulala, vinachezeshwa tangu siku za mwanzo. Baadaye mtu anainama kidogo, anauacha mkono uning'inie na kuuyumbisha kama ndoo kisimani. Kisha zinakuja kamba za mpira za mazoezi, kuvuta ndani, kusukuma nje, kukaza ile misuli inayokumbatia chungwa. Mkao mmoja unaogopwa kuliko yote: mkono juu, kiwiko nje, kiganja nyuma, kama mtu anayetaka kurusha jiwe. Huo ndio mlango lilikotokea. Kubeba vizito na michezo ya kugongana vinasubiri, kuanzia wiki sita hadi miezi mitatu, na kupona kwa jumla watu wengi hufika wiki 12 mpaka 16. Na ni wiki za kuchosha. Kuvaa shati ni kazi. Kulala ni kazi. Ukioga unaomba msaada. Washkaji wanaacha kuuliza hali kuanzia wiki ya pili, kwa sababu kitambaa kimeshatolewa na unaonekana mzima.

Umri nao una mambo yake, tena kinyume na unavyotegemea. Kwenye magonjwa mengi kijana ndiye mwenye nafuu. Hapa kijana ndiye mwenye hatari. Aliyeteguka bega akiwa chini ya miaka 20, hasa wa kiume na wa michezo ya kugongana, ndiye mwenye uwezekano mkubwa kabisa wa kurudiwa. Aliyevuka 40 linarudia mara chache, ila yeye misuli yake ndiyo huchanika, au bega linakaza likakataa kupanda.

Kwa miaka mingi ushauri kwa vijana ulikuwa rahisi: funga mkono kwa wiki nyingi, usitingishike, ukingo utajishikiza wenyewe. Hippocrates alifunga ubavuni, na waliomfuata wakafunga. Swali la kwamba kufunga kwenyewe kunasaidia kweli lilikuja kujibiwa nchini Sweden, na waliolijibu ni watu 255.

Ilianza mwaka 1978 na 1979. Daktari Lennart Hovelius na wenzake, kwenye hospitali 27, waliwachukua watu wa miaka 12 mpaka 40 walioteguka bega kwa mara ya kwanza. Wengine walifungwa mkono wiki tatu mpaka nne. Wengine waliambiwa wautumie mara tu watakapojisikia nafuu. Halafu wakafuatiliwa. Baada ya miaka miwili, mitano, kumi. Ukifikiria ni ajabu: watu wanahama miji, wanaoa, wanazaa, wanabadilisha kazi, na bado wanajibu maswali kuhusu bega lililotoka siku moja wakiwa vijana. Matokeo ya miaka 25 yalichapishwa mwaka 2008, na wengi wao walikuwa bado wamo.

Jibu lao ni kwamba kufunga mkono wiki tatu au nne hakukubadilisha kitu kwenye kurudia. Kilichokuwa na uzito ni umri. Wengi wa wale waliokuwa vijana zaidi lilitoka tena, na wengine wengi waliishia kufanyiwa upasuaji. Lakini lilionekana na jambo ambalo hakuna daktari angeweza kuliona kwa kukaa na mgonjwa mwaka mmoja: kuna mabega yaliyokuwa yakitoka toka miaka ya mwanzo, halafu kadiri miaka inavyokwenda yakatulia yenyewe bila kisu.

Ripoti haitaji majina yao, ni umri na miaka tu. Walioanza wakiwa na miaka 12 sasa wanakaribia 60.